Orodha Inayoamua Nani Ana Ujuzi

Wahitimu wanaonijia kuomba barua za utambulisho wamebadilika katika miaka michache iliyopita. Zamani wengi walitaka barua za kwendea masomoni. Siku hizi wengi wanataka barua za kwendea kazini, na nchi inayotajwa mara nyingi kuliko nyingine ni Uingereza. Swali lao huwa lile lile: "Mwalimu, kazi yangu imo kwenye orodha?" Huuliza kwa sauti ya mtu anayetafuta jina lake katika matokeo ya mtihani. Ili niweze kuwajibu nimekuwa nikiisoma orodha hiyo mwaka hadi mwaka, na kadiri nilivyoisoma ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba inapaswa kusomwa kama tunavyosoma bajeti au ilani ya chama. Ni waraka wa kisiasa. Inasema machache kuhusu ujuzi wa mtu na mengi kuhusu haja za aliyeiandika.

Nianze na utaratibu wenyewe, maana mjadala mwingi wa vijiweni na mitandaoni hupotoka kwa kutoujua.

Viza ya Mfanyakazi Mwenye Ujuzi ya Uingereza ilianza tarehe 1 Desemba 2020, mwezi mmoja kabla ya raia wa Umoja wa Ulaya kupoteza haki ya kuingia na kufanya kazi nchini humo bila kibali. Mwombaji anatakiwa kufikisha pointi 70. Anapata 20 kwa kuwa na mwajiri aliyepewa leseni ya udhamini na serikali, 20 kwa kazi iliyo katika kiwango cha ujuzi kinachotakiwa, 10 kwa kujua Kiingereza, na 20 za mwisho kwa kawaida hutokana na mshahara. Ukikosa mdhamini, hata kama una shahada tatu, hesabu haifiki. Ukiwa na mdhamini lakini kazi yako haimo katika orodha, hesabu haifiki vilevile.

Orodha hiyo haikuandikwa kwa majina ya vyeo tunavyovijua. Imeandikwa kwa nambari. Ofisi ya Takwimu ya Uingereza ina kitabu cha uainishaji wa kazi ambacho hugawa kazi zote za nchi ile katika makundi makuu 9 na vikundi vidogo 412, kila kikundi kikiwa na nambari ya tarakimu nne. Tarakimu ya kwanza inakwambia umekaa ngazi gani: 1 ni mameneja na wakurugenzi, 2 ni wanataaluma, 6 ni watoa huduma za malezi na mapumziko, 8 ni madereva na waendesha mitambo, 9 ni kazi za mikono za kawaida. Mhadhiri wa chuo kikuu, mimi na wenzangu, tuko katika 2311. Mhudumu wa wazee na wagonjwa wasiojiweza yuko katika 6135. Nasi tuna kitabu chetu cha namna hiyo hapa Tanzania, na vyote hivi vinafanana na uainishaji wa Shirika la Kazi Duniani. Ni vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya takwimu, ili serikali ijue ina maseremala wangapi na wauguzi wangapi. Idara ya uhamiaji ilivichukua ikavifanya kuwa kipimo cha nani aingie na nani abaki nje.

Kwa hiyo swali la "kazi yangu imo?" linahitaji kunyooshwa. Kinachotazamwa ni majukumu ya kila siku ya kazi uliyopewa na mwajiri wa kule, yakilinganishwa na maelezo yaliyo chini ya nambari husika. Jina la shahada yako halitoshi, na jina la cheo pia halitoshi. Chukua mfano wa mpishi. Kwa Kiswahili, anayepika katika hoteli ya kitalii Zanzibar na anayepika katika bwalo la shule ni wapishi wote wawili. Kitabu cha Waingereza huwatenganisha: anayebuni vyakula na kuongoza jiko ana nambari 5434, na anayepika vilivyokwisha kupangwa na wengine ana nambari 5435. Viza hii ilipoanza, wa kwanza alistahiki na wa pili hakustahiki. Mwajiri akimpandisha mpishi wa bwalo kwa kalamu tu ili apate viza, maombi yanaweza kukataliwa na leseni ya mwajiri ikawa hatarini. Tangu tarehe 22 Julai 2025, mwombaji mpya kutoka nje hawezi tena kupita hata kwa ile 5434.

Kuna pia mkanganyiko kati ya orodha zenyewe, na mkanganyiko huo ndio mtaji wa madalali. Ipo orodha kuu ya kazi zinazostahiki. Ilikuwepo pembeni yake orodha ya kazi zenye upungufu, ambayo ilimruhusu mwajiri kulipa asilimia 20 chini ya mshahara wa kawaida wa kazi ile. Mwezi Aprili 2024 orodha hiyo ilifutwa, ikaja nyingine fupi ya nafuu ya mshahara. Julai 2025 ikaongezwa ya tatu, ya upungufu wa muda, iliyoandikwa ikiwa na tarehe ya kwisha: mwisho wa mwaka 2026. Anayeingia kupitia hiyo ya muda haruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto. Mtu akikwambia kwamba kazi yako "iko kwenye listi", muulize ni listi ipi, ya tarehe gani, na inakupa nini.

Mshahara nao ni orodha nyingine iliyofichwa ndani ya orodha. Mwaka 2020 kima cha jumla kilikuwa pauni 25,600 kwa mwaka. Aprili 2024 kilipanda hadi 38,700, na Julai 2025 kikafika 41,700. Juu ya hapo kila nambari ina mshahara wake wa soko, na mwombaji hulazimika kufikia kilicho kikubwa kati ya viwili. Hapo awali mshahara huo wa soko ulipimwa kwa robo ya chini ya wanaolipwa katika kazi ile. Kuanzia Aprili 2024 unapimwa katikati, yaani mahali ambapo nusu ya wafanyakazi wanapata zaidi na nusu wanapata pungufu. Kazi za afya na ualimu zinazofuata ngazi za mishahara za serikali zina kima chao cha chini zaidi. Kwa nyingine nyingi, kazi inaweza kubaki kwenye orodha huku bei ya kuingilia ikipandishwa mpaka kijana anayeanza asiweze kuifikia, na mtazamaji wa mbali akadhani mlango bado uko wazi.

Sasa nije kwenye kisa ambacho kwangu kinaeleza mfumo mzima kuliko maelezo yote hayo: kisa cha wahudumu wa wazee.

Februari 2020, serikali ya Uingereza ilipotangaza mfumo wake mpya, ilisema wazi kwamba hakutakuwa na njia ya watu wenye ujuzi mdogo. Mhudumu wa kawaida wa wazee aliwekwa katika kundi hilo. Wiki chache baadaye ugonjwa wa UVIKO-19 ukaenea, na wananchi wakawa wanatoka milangoni kila Alhamisi jioni kuwapigia makofi wauguzi na wahudumu hao hao. Makofi hayakubadilisha nambari. Kilichoibadilisha ni vitanda visivyo na wa kuvihudumia. Desemba 2021 Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji ilipendekeza wahudumu wakubaliwe, na tarehe 15 Februari 2022 wakaingizwa katika orodha ya upungufu kwa mshahara usiopungua pauni 20,480, ingawa kiwango chao rasmi cha ujuzi kilikuwa bado chini ya mstari. Mstari ulipindwa kuwapitisha.

Watu walikwenda kwa makumi ya maelfu, wengi wao kutoka Afrika na bara Hindi. Idadi ilipopanda, siasa nazo zikapanda. Tarehe 11 Machi 2024 wahudumu wapya wakakatazwa kwenda na familia zao. Tarehe 22 Julai 2025 mlango ukafungwa kabisa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi. Siku hiyo hiyo kiwango cha jumla cha ujuzi kilipandishwa kutoka kile cha mtu aliyemaliza kidato cha sita hadi kile cha shahada, na kazi zaidi ya 100 zikaondoka katika orodha kuu.

Hebu tuitazame kazi yenyewe katika miaka hiyo mitano. Kumwinua mzee kitandani bila kumuumiza, kumwogesha bila kumvunjia heshima, kujua kwamba ukimya wake wa leo si ule wa jana: hakuna kilichobadilika. Mama yangu mkubwa alimuuguza bibi yetu kwa miaka sita pale Muheza. Alijua saa za dawa bila kutazama saa, na alijua kumgeuza bibi asipate vidonda vya mgongo. Hakuna aliyemwita mjuzi, wala yeye mwenyewe hakujiita hivyo. Kazi hiyo hiyo, ikifanywa na binti wa Muheza katika nyumba ya wazee kaskazini mwa Uingereza, haikuwa ujuzi mwaka 2020, ikawa ya kukimbiliwa mwaka 2022, ikawa ya mtu asiye na familia mwaka 2024, na mwaka 2025 ikarudi kuwa si ujuzi. Nikiwafundisha wanafunzi wangu kwamba thamani ya kazi huamuliwa na mahusiano ya nguvu katika jamii, mara nyingi hudhani ni nadharia ya vitabuni. Siku hizi huwapa mfululizo huu wa tarehe.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani yumo ndani ya tarehe hizo. Alihitimu shahada ya sosholojia, akakaa miaka mitatu bila ajira, na mwaka 2023 akaenda Uingereza kuwa mhudumu wa wazee. Dalali mmoja wa hapa mjini alimtoza mamilioni ya shilingi kwa ajili ya cheti cha udhamini. Sheria ya Uingereza inakataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi, lakini mkono wa sheria ile haufiki Kariakoo. Alipofika alikuta saa za kazi ni chache kuliko alizoahidiwa, na hakuthubutu kulalamika kwa sababu aliyempa kazi ndiye aliyeshika viza yake. Mwaka uliofuata kampuni ikanyang'anywa leseni. Aliniandikia usiku: "Mwalimu, shikamoo. Nimepewa siku 60 nitafute mdhamini mwingine au niondoke." Nilimjibu marahaba, kisha nikakosa neno la kuongeza.

Hakuwa peke yake. Serikali ya Uingereza yenyewe ilieleza kwamba kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 katika sekta hiyo, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa chini ya waajiri hao. Adhabu ilikusudiwa kumpata mwajiri, na mfanyakazi ndiye aliyeanza kuhesabu siku. Sisi tunaotumia Kiswahili tunalo neno "mdhamini", na kwetu mdhamini ni mtu anayejifunga kwa ajili yako: ukishindwa wewe, analipa yeye. Katika mfumo huu neno limegeuzwa. Akishindwa mdhamini, analipa mdhaminiwa. Ndugu zetu waliofanya kazi za nyumbani Oman na kwingineko Ghuba chini ya mfumo wa kafala wanaijua hali hiyo kwa muda mrefu. Tofauti za sheria na ulinzi ni kubwa, nakiri. Lakini kiungo kinachomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja ni cha ukoo mmoja.

Ipo orodha nyingine inayotuhusu moja kwa moja, nayo watumishi wa umma wanaonisoma wanapaswa kuijua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2023 orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Tanzania imo. Vigezo vyake ni viwili: uwiano wa madaktari, wauguzi na wakunga kuwa chini ya 49 kwa kila watu 10,000, na huduma za msingi za afya kuwa chini ya kiwango fulani. Uingereza huzitia nchi hizo rangi nyekundu, na waajiri wake hawaruhusiwi kuja kusaka wafanyakazi kwetu. Mtu binafsi anaweza kuomba mwenyewe moja kwa moja. Kenya haimo katika orodha ya nchi 55, na wauguzi wake wanaweza kuajiriwa kupitia makubaliano ya serikali mbili yaliyotiwa saini Julai 2021.

Nia ya orodha hii nyekundu ni njema. Isingekuwa haki nchi tajiri kuvuna madaktari waliosomeshwa kwa kodi za wakulima wa korosho. Lakini ukiisoma kutoka hapa nyumbani unaona pengo lake. Inahesabu wahudumu waliopo kwa idadi ya watu. Haihesabu wahitimu wa uuguzi na tabibu waliopo mtaani bila ajira kwa sababu hazina haijatoa kibali cha kuwaajiri. Kwa orodha moja muuguzi wa Kitanzania anahitajika mno Uingereza. Kwa orodha ya pili anahitajika mno nyumbani kiasi kwamba asifuatwe. Kwa orodha ya ajira mpya za serikali yetu, jina lake halijatoka. Amehitajika kila mahali na hajaajiriwa popote. Hilo la tatu halimo mikononi mwa London wala Geneva.

Na hapa niseme neno ambalo baadhi ya wanaharakati wenzangu hawatalipenda. Ni rahisi kuishutumu Uingereza kwa kupanga watu kwa nambari, nasi tukajiona tuko upande wa wanaoonewa tu. Nasi pia tunaandika orodha. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia inagawa vibali vya kazi katika madaraja. Julai 2025, mwezi ule ule ambao Uingereza ilifunga mlango wa wahudumu, Waziri wetu wa Viwanda na Biashara alitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo kutuma na kupokea fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, kuongoza watalii na kununua mazao shambani. Wakenya walilalamika, wakataja Protokali ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika Julai 2010. Hata protokali hiyo, tunayoisifu kama ya udugu, ina majedwali ambamo kila nchi mwanachama ilitaja makundi ya wafanyakazi iliyokuwa tayari kuyafungulia.

Sisemi kwamba nchi haina haki ya kulinda riziki ya watu wake. Fundi simu wa Kariakoo ana hoja, kama alivyo nayo mhudumu wa Uingereza anayeogopa kwamba mwajiri atatumia wageni kumpunguzia mshahara. Ninachosema ni kwamba kila orodha ya namna hii inafanya uamuzi mzito juu ya maisha ya watu, na uamuzi huo huvaa sura ya jambo la kiofisi. Nchini Uingereza orodha hubadilishwa kwa tamko la mabadiliko ya kanuni chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971. Bunge linaweza kulikataa tamko zima ndani ya siku 40, lakini haliwezi kurekebisha hata nambari moja. Kwetu amri hutoka katika Gazeti la Serikali ikiwa imetiwa saini ya waziri. Pande zote mbili, mtu anayeguswa husoma habari ikiwa imekwisha kuwa sheria.

Lipo moja la kujifunza kutoka kwao hata hivyo. Ile Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji, iliyoundwa mwaka 2007 na kuongozwa na wachumi, huchapisha ripoti inayoeleza kwa nini kazi fulani iingie na nyingine itoke: ushahidi gani ulipokewa, nani aliutoa, mishahara ikoje. Serikali huweza kuukataa ushauri, na mara nyingine hufanya hivyo, lakini mwananchi anaweza kuziweka karatasi mbili sambamba akaona wapi hoja ya uchumi iliishia na wapi siasa ilianzia. Ningependa kila orodha yetu, iwe ya vibali vya kazi au ya biashara zilizofungwa, iambatane na karatasi ya namna hiyo. Watumishi wa wizara husika mnao uwezo wa kuiandika. Takwimu mnazo, na wahitimu wa uchumi wasio na kazi wapo tele.

Kwa wanafunzi, ushauri wangu ni mfupi. Someni nambari na majukumu yake kabla ya kuuza kiwanja. Tazameni jina la mwajiri katika daftari la wadhamini ambalo serikali ya Uingereza hulichapisha kwa wote, kisha ulizeni ameshikilia leseni hiyo kwa muda gani. Angalieni tarehe ya kanuni, kwa sababu ya mwaka jana inaweza kuwa imekufa. Anayewauzia cheti cha udhamini anawauzia kitu kisichouzwa.

Na mkikuta kazi yenu haimo, msiichukue kuwa hukumu juu ya akili zenu. Aliyeiandika orodha alikuwa akitazama vitanda vyake, uchaguzi wake na hazina yake. Haki ya kusema ni kazi ipi inahitaji ujuzi, na ilipwe nini, ni jambo la kudaiwa pia hapa, kwenye vyama vya wafanyakazi, kwenye kamati za Bunge na katika bajeti ya mwaka ujao, ambako muuguzi aliyeko mtaani bado anasubiri nafasi yake itangazwe.